Ng'ombe wa Pili wa Arobaini

Nimefanya biashara hapa Dunda miaka mingi, na mtu akinieleza shida zake mimi huona anaanza kushusha bei. Tabia hiyo ndiyo iliyoniaibisha juzi.

Mpwa wangu Zuhura, anayehudumia wazee huko Uswisi, alikuja kwa arobaini ya mama yake. Mbele ya jamaa nikamtaka atoe ng'ombe wawili.

"Mjomba, mmoja tu, tafadhali. Kazi yangu iko Uswisi lakini nalala Italia, kodi ya nyumba ya Uswisi siiwezi. Kila alfajiri navuka mpaka, na siku nisiyovuka silipwi."

"Wawili, mwanangu. Mshahara wa Uswisi, chakula cha Italia! Si unakula pande zote mbili?"

Watu wakacheka. Akainama, akakubali. Nikajipongeza moyoni.

Kesho yake nikapita kwa sonara, nikakuta bangili za dhahabu mezani. Nikaziponda: nyembamba, zimechakaa, nitatoa nusu bei.

"Basi ongea na mwenyewe," sonara akasema, akaita ndani.

Akatoka Zuhura. Zilikuwa bangili za marehemu dada yangu, na sikuzitambua.

"Shikamoo, mjomba," akasema. "Kwa nusu bei, ng'ombe wa pili hapatikani."