Kielelezo cha Ng'ombe

Mke wangu hajui kukaa. Nililijua hilo tangu uchumba, nikadhani ndoa itamtuliza. Wapi! Mtaani wanamwita Kiguu na Njia, na siwalaumu. Anakula amesimama, anapiga mswaki huku anamwagilia maua, na ukimwona kwenye kochi nililolitengeneza kwa mikono yangu, ujue anavaa viatu.

Mahali pekee anapotulia ni mbele ya kompyuta, kwenye maabara ya hospitali. Kazi yake ni kusoma vinasaba vya vijidudu vya magonjwa. Mashine inavisoma vipande vipande, herufi nne tu zikijirudia bila kuchoka. Kisha programu inavipanga vipande hivyo juu ya kielelezo, yaani kijidudu cha aina ileile ambacho kilishasomwa chote. Herufi isipolingana, pale panapakwa rangi nyekundu. Mimi ni fundi makochi, nikamwambia hiyo ni kama kulinganisha mistari ya kitambaa kwenye mshono. Akasema karibu, ila si hivyo. Kila nikielewa kitu, mke wangu ananiambia karibu.

Basi ugonjwa ukaingia wodi ya watoto wachanga. Vichanga vikawa vinachemka homa, kimoja baada ya kingine. Wakapima mabomba, masinki na mikono ya wauguzi, na kijidudu cha aina ile kikaonekana kwenye mikono ya mmoja tu: shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Tumemlea sisi tangu anasoma, na kazi ile ya vichanga ndiyo aliyoililia maisha yake yote. Akasimamishwa. Vinasaba vikionyesha kijidudu chake ni kimoja na cha watoto, wodi ile haikanyagi tena. Bosi wa maabara alitaka mtu mwingine asiye ndugu afanye uchunguzi, lakini huyo mtu mwingine hakuwepo.

Mke wangu akapanga vinasaba roho mkononi. Wekundu ukatapakaa kwenye skrini, na wa mdogo wake haukufanana na wa watoto. Si kimoja! Shemeji akarudishwa kazini, akaja nyumbani kunitania kwamba sasa atanunua kochi zuri dukani, kwa mafundi wanaojua kazi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Mke wangu hakucheka. Siku zile alizunguka nyumba kama anatafuta kitu alichokishika mkononi. Nilipombana akasema programu iliviacha nje vipande vingi mno, vilivyokosa pa kukaa kwenye kielelezo, na yeye kwa furaha alivipita tu. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia mtoto wa watu ameshapona kelele za watu, yeye anamtafutia nyingine ya nini? Akanitazama, akachukua viatu.

"Nipeleke," akasema. "Nisipoangalia sitakaa."

Eti kukaa! Lakini nikawasha pikipiki, ningefanyaje?

Maabara ilikuwa tupu, siku ya mapumziko. Akafungua mipangilio ya programu, na hapo hapo akaweka mkono mdomoni. Kielelezo kilichokuwemo kilikuwa cha kijidudu kingine, ndugu wa mbali wa hiki, kinachowaletea ng'ombe ugonjwa wa matiti. Ilikuwa kazi ya wiki iliyotangulia, na hakukitoa. Vinasaba vya watoto na vya mdogo wake vilikuwa vimelazimishwa juu ya kijidudu cha ng'ombe, vipande vikishika ovyo, vya huyu hapa na vya wale pale, ndiyo maana vilionekana tofauti.

Akaweka kinachostahili, akaanza upya, huku anatembea kati ya mlango na dirisha. Nilimwomba akae, nikaishia kukaa mwenyewe. Programu ilipomaliza, wekundu ulikuwa umeondoka karibu wote. Cha shemeji na cha watoto vilifuatana herufi kwa herufi. Niliumia, jamani. Hata mimi nisiyejua kusoma mambo yale niliona.

Akampigia bosi wake, kisha akasema wodini anakwenda mwenyewe, mdogo wake asiambiwe na mgeni.

Tulimkuta nyuma ya kioo, ameinamia kitanda cha kichanga, mikono iko tayari kukibeba. Mke wangu akagonga kioo. Shemeji akaja kwenye upenyo wa mlango akicheka, akaniuliza leo nimemleta mgonjwa gani.

"Nilikosea kielelezo," mke wangu akasema. "Ni kilekile, mdogo wangu. Chako na chao ni kilekile."

Kicheko kikamkauka. Nilingoja alie, au amtukane dada yake, na ningemwelewa. Alitazama mikono yake, akageuka kuangalia vile vitanda, akaita mwenzake aje akichukue kile kichanga. Halafu akainua mikono yote miwili, mbali na mwili.

"Dada," akasema, "nifungulie mlango. Mimi sigusi kitu."

Mke wangu akaufungua. Korido ile ina milango mingi, na Kiguu na Njia akatangulia mbio, anaufungua mmoja, anaushikilia mpaka mdogo wake apite, anakimbilia mwingine.