Mzee Kaza na Filta ya Oili

Kwa miaka thelathini na moja alifunga vifurushi posta, na hakuna hata kimoja kilichowahi kufunguka njiani. Vingine havikufunguka hata vilipofika. Wenyewe walivipasua kwa visu. Ndiyo maana mtaani wakamwita Mzee Kaza. Alipostaafu alihamishia kazi nyumbani, akawa anakaza mabomba, vifuniko vya chupa na skrubu za viti. Mkewe alivifungua vyote kimyakimya, na mzee hakuwahi kujiuliza anavifunguaje.

Ijumaa usiku binti yao alijifungua mjukuu wao wa kwanza. Saa za kuona wagonjwa zilikuwa saa nane mpaka saa tisa, na hospitali iko mbali. Jumamosi asubuhi, wakati mkewe anapiga pasi kanga za mtoto, Mzee Kaza akatangaza kwamba gari haliwezi kwenda kumwona mjukuu likiwa na oili chafu.

"Si umpelekee fundi kesho?" mkewe akauliza.

"Fundi wa nini? Kazi ya nusu saa."

Oili ilishuka vizuri kwenye beseni. Filta ndiyo iliyogoma. Kopo lenyewe dogo, linaenea kiganjani, lakini miezi sita nyuma alilifunga yeye mwenyewe, likiwa kavu, bila kuupaka oili mpira wa mdomoni mwake, tena kwa spana ya mnyororo ya jirani yao fundi bomba. Sasa fundi bomba alikuwa safarini, na spana yake pia.

Akajaribu kwa mkono. Akajaribu kwa tambara. Akavua mkanda, akauzungusha kwenye filta, akavuta kwa nguvu zake zote, na kilichoteremka kikawa suruali. Saa sita na nusu akatoka uvunguni mwa gari ana oili mpaka masikioni, bisibisi mkono huu, nyundo mkono ule.

"Naitoboa," akasema, lakini moyoni aliogopa kweli. Filta ikichanika ikabaki nusu, gari halitoki, na mjukuu wake wa kwanza ataishia kumwona kwenye simu.

"Weka nyundo chini, baba." Mkewe, aliyekwisha kuvaa nguo za kutokea, aliingia jikoni akarudi na maji ya sabuni, mwiko, na kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli.

"Hicho nini?"

"Ndicho kinachofungua kila unachokaza. Osha filta kwanza. Ikiwa na mafuta haishikiki."

Akaosha. Akaizungushia mpira kama alivyoelekezwa, akazifunga ncha zake, akapitisha mwiko hapo, akasokota. Filta ikalia kidogo, kisha ikalegea. Mzee Kaza aliona aibu na furaha kwa pamoja.

"Mpira huu unao tangu lini?"

"Tangu wiki tuliyooana. Ulikaza chupa ya asali."

Filta mpya aliipaka oili kwenye mpira wa mdomoni mwake, akaifunga kwa mkono mtupu, mkewe kamsimamia.

"Basi," mkewe akasema.

"Nimalizie kidogo tu."

"Nimesema basi."

Wakamimina oili mpya, wakaondoka. Saa nane na nusu walikuwa wodini. Binti yao alimnyanyua mtoto, akamnyooshea babu yake. Mzee Kaza akaitazama mikono yake, kucha bado nyeusi, akaingiwa na hofu, akageuka kumwangalia mkewe.

"Mpokee," mkewe akamwambia. "Ila usikaze."