Alipika chakula cha suluhu, kikawa jibu mbele ya mataifa

Saa sita kasorobo mchana. Katika kibanda cha mabati kilichopo Mkuyuni, mjini Mwanza, Wilhelmina Luhende anasonga ugali huku mwenzake, Kokulinda, akiishika sufuria kwa matambara mawili isizunguke. Wafanyakazi wa kiwanda cha minofu ya sangara wamekwisha kujaa kwenye mabenchi na wanagonga meza kwa vijiko.

Kijana mmoja anaegesha baiskeli iliyojaa vumbi, anaingia, anasimama karibu na mlango. Hamsalimii mtu.

“We kijana, hapa hatuingii kama mbuzi,” anasema Josephat, mpakiaji wa kiwandani. “Huyu ni mkubwa wako. Shikamoo yake umeiacha wapi?”

Watu wanacheka. Wilhelmina hacheki.

“Mwacheni,” anasema bila kuinua macho. “Huyu ni Shimba, mtoto wa mjomba wangu. Adabu anayo. Amekatazwa kunisalimia.”

Vicheko vinakoma. Kokulinda, mwanamke mnene kutoka Kagera ambaye hana subira na mambo ya aina hiyo, anapakua sahani ya maharage na kuiweka mbele ya kijana.

“Kula. Haya nimepika mimi, Mhaya. Au kijiji chenu kimenikataza na mimi?”

Shimba anatabasamu kidogo. Ametoka ng'ambo ya Kisesa kwa baiskeli tangu asubuhi, na njaa inaonekana usoni pake. Anaitazama sahani, kisha anaisogeza kando.

“Moto ni wa dada,” anasema.

Wilhelmina, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, analisha watu wengi kila siku. Biashara hiyo ilianza viwanda vya minofu vilipofunguliwa na wafanyakazi wakahitaji mahali pa kula. Siku njema humbakizia shilingi elfu tatu, nazo humtosha kulipia chumba kilicho nyuma ya kibanda na kumtumia baba yake unga. Watu pekee wasiokula chakula chake ni wale aliozaliwa kwao.

Kisa hicho kilianza mwaka 1994, katika kijiji ambacho jina lake tunalihifadhi. Mtoto wa jirani alikufa kwa degedege. Mganga akaulizwa, akaitaja nyumba ya Milembe, mama mzazi wa Wilhelmina. Wiki haikuisha. Milembe alikatwa mapanga mlangoni kwake, jua likiwa bado halijazama, akichambua mboga za jioni.

Wilhelmina alikuwa amekwenda nyumbani kuvuna pamba. Aliwaona watu wawili na akawatambua. Alikwenda polisi akawataja kwa majina. Walikamatwa, kisha wakaachiwa, kwa kuwa hakupatikana shahidi wa pili.

“Tulioona tulikuwa wengi,” anasema. “Aliyesema nilikuwa peke yangu.”

Kijiji hakikumshukuru. Wakuu wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, walitamka kwamba amewauza vijana wao, na kwa kuwa yeye alikwisha kurudi Mwanza, adhabu ilimwangukia baba yake, Mzee Luhende. Alitengwa. Aliyetengwa hasalimiwi. Hapewi moto wala hachoti maji pamoja na wenzake. Na akifa nzengo haitoki, yaani majirani wote ambao kwa desturi huchimba kaburi na kubeba maiti.

“Mashine ya kusaga ilimkataa,” anasimulia Wilhelmina. “Hata unga niliotuma mimi ulirudishwa njiani. Baba alikula mahindi ya kukaanga mwaka mzima, na meno yake yalikwisha kuwa machache. Nilipokwenda kumwona alikuwa anayaloweka yale mahindi kwanza, kama anayemlisha mtoto.”

Kutengwa kuna namna moja ya kuondolewa. Familia huchinja, hupika, na nzengo nzima huja kula. Mwaka 1996 Wilhelmina alinunua dume la ng'ombe na magunia mawili ya mchele. Alipika mwenyewe, akapakua mwenyewe.

“Wale wawili walikuja na sahani zao,” anasema. “Mmoja aliniita mama, akasema, ‘Mayu, ongeza mchuzi.’ Nikaongeza.”

Anafuta meza ambayo tayari ni safi.

“Kesho yake baba alipita barabarani, mtu akamwambia, ‘Mwangaluka.’ Salamu tu ya asubuhi. Alikaa chini palepale akalia.”

Hapo ndipo jambo hilo lingekwisha, kama vile mengi ya namna hiyo yanavyokwisha. Lakini kabla ya karamu ile, wakili kijana aitwaye Muganyizi, mwenye ofisi ndogo ya msaada wa sheria mjini hapa, alikuwa amekusanya maelezo ya familia ambazo vikongwe wao waliuawa. Maelezo ya Wilhelmina yalikuwa miongoni mwake, na yalivuka bahari.

Mwaka jana nchi yetu iliitwa kwenye kikao huko Ulaya, mahali ambapo wajumbe wa nchi nyingine huiuliza serikali moja baada ya nyingine jinsi inavyotunza haki za raia wake. Muganyizi aliketi nyuma, kwenye viti vya wasikilizaji.

“Mama mmoja, mjumbe wa nchi ndogo ambayo wengi wetu hatuwezi kuionyesha kwenye ramani, aliuliza waliomuua Milembe wa Mwanza wako wapi,” anasema wakili huyo. “Alilitamka jina vibaya. Lakini alilitamka.”

Mjumbe wetu alijibu kwa utulivu. Alisema shauri hilo lilimalizwa na wananchi wenyewe kwa desturi zao njema, kwamba familia ya marehemu ndiyo iliyoandaa chakula cha suluhu kwa hiari yake, pande zote zikala pamoja, na kwamba hakuna lalamiko lililosalia. Mwenyekiti alishukuru. Wakaendelea na swali jingine.

Muganyizi aliporudi alikuja kibandani kumweleza Wilhelmina. Kokulinda anakumbuka kwamba siku ile wali uliungua.

“Nilitafuta uongo katika jibu lile nimkamate nao,” anasema Wilhelmina. “Sikuupata. Ng'ombe alichinjwa. Wali ulipikwa. Nilipakua mimi. Kila neno lilikuwa la kweli, na mama yangu akafutwa nalo.”

Ni vigumu kumpinga. Mtu aliyelishwa hofu mpaka akapika karamu hakusamehe. Alinunua salamu na moto kwa ajili ya mzazi wake. Nchi inayochukua ununuzi huo na kuupeleka mbele ya mataifa kama ushahidi wa amani imejibu swali ambalo haikuulizwa. Iliulizwa kuhusu wauaji.

Wilhelmina aliandikisha maelezo ya pili. Alieleza kwa nini alipika. Nchi itakapoitwa tena, maelezo hayo yatapelekwa, na Muganyizi anaamini swali litarudi. Lakini habari hazikukaa mjini. Maofisa wa serikali walikwenda kijijini kuuliza, na siku ileile wakuu wa sungusungu wakakaa. Mzee Luhende ametengwa upya tangu mwezi wa tano, na safari hii binti yake pia.

Sasa anaumwa. Miguu imevimba, na kutoka kitandani ni kazi. Ugonjwa huo ndio uliomleta Shimba.

“Nimetumwa,” anasema kijana huyo, akiangalia sakafu. “Uje Jumapili mkutanoni. Useme mbele ya watu kwamba maneno ya mjumbe wa serikali ndiyo yanasimama, kwamba ulipika kwa moyo. Hayo maelezo yako ya pili uyafute. Halafu upike tena. Ukifanya hivyo mzee atahudumiwa, na likitokea la kutokea atazikwa pale pembeni ya shangazi Milembe. Usipofanya, hakuna atakayeshika jembe.”

“Na wewe?”

“Dada, na mimi nina baba pale.”

Josephat ameacha kula. Wilhelmina anaweka mwiko juu ya mfuniko.

“Umenipa maneno ya kijiji, Shimba. Baba mwenyewe anasemaje?”

Kijana anasitasita. Inaonekana kwamba maneno hayo hakutumwa kuyaleta, na ameyabeba peke yake njia nzima.

“Nilipita dirishani kwake alfajiri, watu hawajaamka,” anasema hatimaye. “Akasema, ‘Mwambie Wilhelmina asipike.’”

Kisha Shimba anatoka, anapanda baiskeli. Akiwa amekwisha kuipa mgongo barabara ya mjini, anageuka na kusema kwa sauti ndogo, “Shikamoo, dada.” Wilhelmina anaitikia, “Marahaba, baba.”

Mpango wake ni huu. Jumamosi, siku moja kabla ya mkutano, atakwenda na gari la ofisi ya Muganyizi kumchukua mzee. Mzee atalala chumbani kwa binti yake Mkuyuni, naye Wilhelmina atahamia kwa Kokulinda. Maelezo ya pili hatayafuta. Yeye na mzee wake wanajua bei ya uamuzi huo. Mzee Luhende aliacha kulima kipande cha ardhi kando ya kaburi la mkewe, kwa kuwa hapo ndipo alipotaka kulala. Hatalala hapo. Atazikwa makaburi ya mjini, miongoni mwa watu asiowajua.

“Kuchimba tutachimba sisi, mama,” anasema Josephat. “Kiwandani tuko wengi.”

Wilhelmina anamshukuru. Anasema analo ombi moja tu kwa dereva, nalo si kubwa.

“Tukishampakia, gari lisimame kidogo pale kaburini. Tutamteremsha baba amuage mke wake. Kule polisi nimemsemea baba. Hata huko Ulaya nimemsemea. Hilo la kuaga siwezi kumsemea.”