Jirani Aliyekata Kichaka cha Bibi

Asubuhi hiyo nilikuwa nakanda unga wa maandazi hapa Mpanda, redio ikiongea yenyewe dirishani, nikamsikia. Sauti ya mtu uliyemchukia huisahau, rafiki yangu, hata ikizeeka na kukwaruza. Mtangazaji alimtambulisha kama mzee wa mila kutoka Mamba, kijijini kwetu. Alieleza kwamba kuna wageni, watafiti wa mambo ya kale, wanazunguka mkoani kutafuta sehemu za zamani za matambiko, na kwamba wanazitafuta kwa kufuata majina ya vijiji na vitongoji, maana jina hubaki hata mahali penyewe pakishalimwa. Mzee akacheka kidogo, akasema yeye ndiye aliyekitunza kichaka cha tambiko cha kwetu tangu ujana wake, na kwamba wiki inayofuata angewapeleka wageni huko mwenyewe.

Niliacha unga kwenye beseni. Mtunzaji, yeye! Mtu aliyekikata kichaka hicho kwa shoka lake, nikiwa nimesimama pale natazama!

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, maana bila kumjua bibi yangu utaniona mimi mtu mbaya tu. Na hata ukishamjua, labda bado utaniona hivyo. Haidhuru.

Nililelewa na bibi mzaa baba, katika nyumba ya udongo iliyotazama mashamba ya mpunga. Usimwazie bibi mpole wa kusimulia hadithi. Bibi yangu alikuwa mkali. Alivuta ugoro, alipiga chafya mpaka kuku wakakimbia, na akikuagiza maji ukachelewa, mwiko ulikusubiri mlangoni. Lakini mapishi yake! Mvua za kwanza zikinyesha tulikula uyoga uliopikwa na karanga, kumbikumbi wa kukaanga, na maboga yaliyochemshwa hadi yakapasuka yenyewe chunguni. Mchana kutwa kazi yangu ilikuwa kuinga ndege mpungani, napiga debe bovu na kupayuka mpaka sauti inakauka. Jioni viboko walianza kukoroma mtoni, na bibi angewajibu kutoka jikoni, akiwatukana kwa Kipimbwe, lugha yetu, kwamba wanene wale hawana kazi ya kufanya.

Bibi ndiye aliyekuwa mtunza kichaka. Kabla yake alikuwa mama yake, na kabla ya huyo bibi yake, huko nyuma ambako hakuna anayejua. Chenyewe hakikuwa kikubwa. Kilikuwa miti iliyoshikana sana, ndani yake chemchemi ndogo isiyokauka hata Oktoba, na kando yake mawe meupe yaliyopangwa na watu ambao makaburi yao hatuyajui. Hakuna aliyekata kuni pale. Ndege walijazana humo kiasi kwamba ukikaribia ulisikia kelele kama za shule wakati wa mapumziko.

Kila mwaka kabla ya kupanda tulitwanga mtama, tukaenda na unga. Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye kisa. Hukuruhusiwa kwenda kichakani moja kwa moja, hata kama nyumba yako ilikuwa karibu. Ulianzia mtoni, na njiani kulikuwa na mahali penye majina, na kila jina lilikuambia la kufanya. Nitakupa kwa Kiswahili, maana kwa Kipimbwe nimejiwekea mwenyewe. Kwanza Tuamzigo: unashusha ulichobeba kichwani, unapumua, unabeba tena. Kisha Vuaviatu. Sikuwa na viatu, lakini bibi alinitaka nijifanye navua, nami nilivua viatu vya hewa kwa adabu zote. Halafu Cheka. Hapo lazima ucheke, hata kama umetoka kuchapwa, ili wenye mahali wajue hujaja na kisirani. Bibi alikuwa hajui kucheka kwa kuagizwa, akitoa kicheko kikavu cha ajabu, nami nikakicheka kicheko chake mpaka machozi yakanitoka. Mwisho Nyamaza, na kuanzia hapo hakuna neno hadi kwenye maji.

Kila mahali ulitaja jina kwa sauti. Nikikosea, bibi hakubishana.

"Umeruka, we mtoto. Turudi mtoni tuanze upya."

Tulirudi kweli, jua likichoma, unga kichwani. Ndiyo maana majina yale hayajanitoka.

Jirani alikuwa mwenzetu, Mpimbwe kama sisi, na alikula kwetu mara nyingi. Nasema hivi kwa sababu siku hizi kila kilichoharibika watu husingizia waliohamia na ng'ombe. Wafugaji wale walipofika walimwendea bibi kwanza, wakauliza mifugo ipite wapi isikanyage mahali pa watu. Aliyeleta shoka ni huyu tuliyempa chumvi na moto. Aliitaka ile chemchemi kwa ajili ya kitalu chake cha mpunga, basi. Alisubiri kiangazi ambacho bibi aliumwa miguu asiweze kutoka nje. Nikasikia milio ya shoka, nikakimbia. Miti ilikuwa imelala, ndege wanazunguka juu hawajui watue wapi, naye anafuta jasho. Aliponiona alisema tu, "Nenda kamwambie bibi yako nimemsaidia kufyeka."

Laiti angeishia hapo. Lakini watu walianza kunung'unika, naye akatafuta pa kujifichia. Akatangaza kwamba ndani ya kichaka alikuta vitu vya kichawi, na kwamba bibi alikuwa anakwenda kule kuloga mashamba ya wenzake. Bibi aliitwa kwenye mkutano wa kijiji. Walimbeba kwenye kiti kwa sababu hakuweza kutembea, na mwanamke yule ambaye hakuna mtu aliyewahi kumnyamazisha alikaa mbele ya watu akiulizwa maswali ya aibu, huku jirani ametandaza mikono, anajifanya anasikitika. Mwalimu wetu alinitetea shuleni, lakini wenzangu waliacha kula nami. Bibi hakupona jeraha la ile siku. Aliendelea kupika na kugomba, ila hakupiga tena chafya ya kufukuza kuku, na alipokufa walikuja watu wachache hata jeneza likapata shida ya kubebwa. Jirani alikuja. Alikula wali wa msiba, akaongezewa.

Kwa hiyo niliposikia redio sikulia. Nilioga, nikafunga khanga yangu nzuri, nikashika njia ya Sitalike kupitia hifadhini mpaka Mamba, mbung'o wakiniuma njia nzima nami hata siwasikii. Nilifikia kwa shangazi. Nilimwambia nimekuja kusalimia.

Siku ya wageni watu walijaa. Wageni wenyewe walikuwa kijana na dada mmoja, wenye heshima zao, na mzee alikuwa amevaa kofia mpya na kushika mkongojo. Alikuwa ameshaanza kuwaelekeza upande wa mawe yaliyo nyuma ya mnadani, mbali kabisa na shamba lake, alikojenga nyumba baada ya kufyeka. Nilielewa mara moja. Angewapeleka mahali pa kweli, wangefika kwake.

"Shikamoo mzee," nilisema.

"Marahaba mwanangu. We ni wa nani vile?"

Nikamtajia bibi. Kofia ilitulia kichwani, lakini uso wake ulishuka. Niliwageukia wageni, nikawaambia kwa upole kwamba tambiko letu huanzia mtoni, na kwa kuwa mzee ndiye mtunzaji, atuongoze kwa desturi, ataje majina ya njiani moja baada ya jingine.

"Ni kweli kabisa," alidakia bibi mmoja kati ya waliokuwepo. "Ilikuwa inaanzia mtoni. Mzee, twende."

Angekataaje? Tukaenda mtoni, tukaanza. Tuamzigo aliipita huku anaeleza habari za machifu.

"Umeruka, mzee," nilisema. "Turudi mtoni tuanze upya."

Wageni waliona ndiyo desturi, wakageuka. Tukarudi. Safari ya pili Tuamzigo aliipata, maana pale kuna duka limeandikwa hivyo hadi leo, lakini Vuaviatu aliipita na viatu vyake miguuni. Tukarudi tena. Wanawake walikuwa wameshaelewa, na wengine waliziba midomo kwa khanga. Jua lilikuwa kali. Alikuwa anatweta, jasho linashuka kwenye mashavu, nami nilitembea nyuma yake taratibu nikihesabia moyoni kila hatua yake kuwa ni ya bibi. Usinitazame hivyo. Wewe hukumwona kwenye kile kiti.

Mara ya tatu aliketi palipo na mashine ya kusaga siku hizi. Hajui kwamba ndipo Cheka. Mimi nilicheka. Nilicheka kwa nafasi, na nadhani ni mara pekee maishani nimecheka pale bila kuhitaji kicheko cha bibi.

"Basi taja wewe," alisema, hanitazami.

Nikataja. Nikawatoa kwenye barabara ya mnadani, tukapita juu ya tuta la mpunga, tukashika njia ambayo watoto waliotufuata hawakujua kama ni njia. Nyamaza ilikuwa langoni kwake. Sikuhitaji kumwambia mtu. Tuliingia umati mzima kimya, mkewe akasimama na ungo mkononi. Nyuma ya jiko, maji yalikuwa bado yanatoka, membamba, yamezungushiwa matofali, na beseni la vyombo lilikuwa pembeni. Mawe meupe alikuwa ameyafanya ngazi ya jikoni. Yamelainika kwa kukanyagwa.

Yule dada aliinama, akayagusa. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nimelisubiri tangu utoto wangu.

"Mzee, nani alikata miti ya hapa?"

Niliona anatafuta uongo, hauoni. Watu walikuwa wamemzunguka kama walivyomzunguka bibi.

"Mimi," alisema. "Ni mimi. Na yule mama hakuwa mchawi."

Utamu ule sitakuficha. Niliusikia mpaka kwenye vidole. Wageni waliandika mahali pale na kuandika kwamba mtunzaji wake alikuwa bibi yangu, na usiku huo shangazi alipika kuku, nikala kama mtu aliyetoka kuvuna.

Ningeweza kuishia hapo, ingekuwa kumbukumbu nzuri. Lakini mwezi uliopita alikuja mkwe wa yule mzee, mke wa mwanawe mkubwa, akanikuta hapa kwenye biashara yangu. Mwanamke mpole, hana kosa. Alisema mzee amelala, hali vizuri, hataki hospitali, anaomba kitu kimoja. Mila yetu ina nafasi ya mtu aliyekosea mahali pale. Haingii peke yake. Mwanamke wa nyumba ya mtunzaji hutangulia, mkosaji akashika pindo la khanga yake kwa nyuma kama mtoto, na wakifika kwenye maji mwanamke ndiye anayesema. Kuna maneno yake. Nilimwona bibi akiyasema kwa ajili ya mwizi wa asali ya kichakani, na yule mwizi alitoka pale analia na kucheka, akaja kula kwetu.

"Mama, umebaki wewe tu," mkwe alisema. "Anasema asipoombewa atakufa vibaya."

"Mwambie nina kazi," nilimjibu, nikaendelea kugeuza maandazi.

Bibi angeenda. Najua hivyo, wala huna haja ya kuniambia. Angegomba njia nzima, angemtukana, lakini angempa pindo lake. Mimi sikurithi hilo, nilirithi majina na maneno tu. Wale wageni pia wamenipigia simu, wanataka nikayaseme yale maneno wayarekodi, maana wamezunguka eneo lote la Mpimbwe na hakuna mwingine anayeyajua. Nimewaambia nimesahau. Sijasahau hata moja. Lakini nikiyatamka mara moja tu, hata kwenye simu, kuna mtu atakwenda kuyasoma pale kitandani kwa yule mzee.

Miti haipo, ndege hawapo, hata watoto wa pale hawajui kwa nini maji yale hayakauki. Kilichobaki cha mahali pale kiko kinywani mwangu, nami sina binti. Alichokianza yeye kwa shoka nitakimaliza mimi kwa kufunga mdomo. Nalijua hilo, rafiki yangu, nalijua kila ninapoamka, na bado siendi.