Karatasi ya Akuwam

Jepkoech hali nyama. Ukimkaribisha kwako mwekee maharagwe, na umwombe Mungu asikuulize umepika kwa mafuta gani. Kakuma nzima inashangaa. Mnandi, mtoto wa watu wa ng'ombe, tena mkaguzi wa nyama kwa kazi, hali nyama! Wengine wanasema ni gauti, wengine ulokole. Wacha waseme. Sababu iko Lodwar, nyuma ya ofisi, shimoni, na kwa miaka mitatu alidhani ni yeye peke yake anayeijua.

Ule ulikuwa mwaka wa kiangazi, mbuzi walikufa mpaka fisi wakakinai. Lori likakamatwa likiwa na magunia ya nyama kavu. Lebo zilisema ng'ombe. Maabara ikasema ni punda: nyama safi, haina ugonjwa wowote, ila jina ni la uongo. Jepkoech aliisoma ripoti akasonya. Kwao punda hubeba maji, haliwi. Akaandika: iharibiwe yote, ifukiwe shimoni nyuma ya ofisi.

Hakuuliza mtu. Angeuliza hata mtoto wa chekechea angemwambia kwamba Waturkana wanakula punda tangu enzi za mababu. Na kuna aliyemwambia bila kuulizwa. Akuwam, mama aliyekuwa akifagia ua wa ofisi, alisimama kando ya shimo, ufagio mkononi.

"Daktari, sisi nakula punda. Andika punda, tupatie."

"Sheria ni msumeno, mama," Jepkoech alimjibu, tena huku akicheka.

Vibarua waliotupa nyama shimoni walipokwenda kunawa, Jepkoech alibaki peke yake. Aliogopa watu wasije wakafukua, basi akafungua mtungi wa dawa ya josho, ile ya kuua kupe, akaimimina yote juu ya nyama. Vibarua wakarudi kuifukia, yeye akaenda kunywa chai. Diploma mbili ukutani, na akili ile!

Siku tano baadaye Akuwam alifia hospitalini. Kwenye karatasi ya hospitali wakaandika njaa, maana mwaka ule kila aliyekufa aliandikwa njaa. Jepkoech alikwenda kulitazama shimo, akakuta upande mmoja udongo umefukuliwa, alama za vidole zinaonekana. Aliusukuma udongo kwa kiatu mpaka alama zikapotea, akanyamaza.

Lakini kunyamaza kuna mambo yake. Harufu ya dawa ya josho ikaanza kumfuata mchana kweupe, ndani ya chai, kwenye shuka zilizoanuliwa sasa hivi, hata kanisani katikati ya wimbo. Akisikia ufagio unakwaruza uani, anafunga madirisha. Akaomba uhamisho, akaletwa Kakuma. Basi asubuhi ya kwanza aliyemfungulia geti la ghala la chakula alikuwa nani? Etabo, mume wa Akuwam, aliyeihama Lodwar baada ya mazishi akapata kazi ya ulinzi.

"Ejok, daktari," alimwamkia kwa upole.

Kila asubuhi hivyo hivyo. Ejok, daktari. Hakuna lawama, hakuna jicho baya. Afadhali angemtukana! Jepkoech alikuwa akiitikia huku anapita haraka kama mwizi.

Mwaka huu, mgao wa chakula katika kambi ya wakimbizi ulipopunguzwa, ghala likapokea makatoni mia tatu ya nyama ya kopo. Lebo zilisema ng'ombe. Jepkoech alipeleka makopo machache maabara, majibu yakarudi: nguruwe, salama kuliwa. Akampigia mkubwa wake Lodwar, Bwana Shadrack.

"Choma, Madam. Choma leo," alisema Shadrack. "Kambi ina Waislamu wengi, watasema tumewalisha haramu. Unataka vita?"

Nyawech, mama Mnuer wa Sudan Kusini anayesimamia jiko la kanisa lao, alikuwa amekuja kuchukua maharagwe. Simu ilikuwa na sauti kubwa, akasikia kila kitu. Akaokota kopo, akaligeuza.

"Madam, kwa nini nachoma? Sisi watu ya kanisa nakula nguruwe. Andika nguruwe, tupatie."

Maneno ni yale yale ya Akuwam. Nje, Etabo alikuwa anafagia mbele ya geti, kwaru, kwaru, na harufu ile ikajaa ghala lote. Jepkoech aliogopa, jamani, mtu mzima aliogopa mpaka machozi yakamtoka.

"Sichomi," akasema kwenye simu.

"Utatia sahihi yako wewe?"

"Nitatia jina langu na la babu yangu."

Kwanza alimwendea sheikh wa mtaa wa Wasomali, akamweleza waziwazi bila kupindisha. Sheikh alimsikiliza, akasema, "Ukituambia mapema hujatudhuru. Yasiletwe huku tu." Kisha siku mbili Jepkoech na kina mama wa Nyawech walikaa wakibandua lebo na kuandika NGURUWE kwa rangi nyekundu, kila kopo pande mbili. Siku ya kugawa, Nyawech alipaza sauti kwa Kinuer na Kiarabu cha Juba, Jepkoech kwa Kiswahili: hii ni nguruwe, asiyekula apite meza ya maharagwe. Wasabato walipita huko, hakuna aliyewabughudhi. Waturkana wa mjini nao walipata fungu lao. Makatoni yakaisha.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa Etabo. Alilipokea kopo, akapitisha kidole juu ya herufi.

"Imeandikwa?"

"Imeandikwa. Nguruwe."

Etabo akatazama chini. "Daktari, ile punda ya Lodwar, mimi na Akuwam tulifukua. Akuwam akasema nyama nanuka. Mimi nikamwambia osha mara tatu, itakuwa sawa. Akaosha mara mbili, maji ikaisha. Nyama ilikuwa kidogo, nikamwachia akule yeye." Akaligeuza kopo mkononi. "Maji ningeenda kuleta, sikuenda. Ni mimi nilimuua. Kila asubuhi nakusalimia, naogopa siku moja utasema unajua."

Loo! Miaka mitatu wote wawili walikuwa wakiogopana getini. Jepkoech angeweza kumwambia pole, akaenda zake, na siri ingezeeka naye. Hakwenda.

"Etabo, hata ungeosha kwa mto Turkwel mzima ukiwa umefurika, isingetoka. Mle niliweka dawa ya josho. Mimi, kwa mkono huu. Sikumwambia mtu na sikuweka kibao. Nikaona mmefukua, nikanyamaza."

Etabo hakupiga kelele. Aliliweka kopo mezani, akaingiza mkono ndani ya koti lake la ulinzi, akatoa karatasi ya hospitali iliyokunjwa mpaka mikunjo imechanika. Akaikunjua mbele ya Jepkoech.

"Mimi sijui kusoma," alisema. "Watu wananiambia hapa imeandikwa njaa."

"Ndiyo. Njaa."

"Umebandua lebo ya makopo yote." Akamsogezea ile karatasi. "Na hii bandua."