Kinu Juu ya Sakafu ya Bibi

Enzi zetu pale Mtongwe, wakati wa ile vita ya Wazungu, mchele wa dukani ulikuwa adimu. Mpunga ulitwangwa nyumbani, na mtwangaji alikuwa msichana, ataka asitake. Wajukuu wangu mchele wao huja mweupe ndani ya mfuko, na bado wanalalamika kuosha sufuria.

Nyumba ya Bibi, mamake baba, ilikuwa ya mawe, ya kale mno. Hata yeye hakumjua aliyeijenga. Juu haikuezekwa makuti. Ilikuwa na sakafu ya mawe na chokaa iliyolala juu ya boriti za mikoko. Huko upepo ulipeperusha makapi vizuri, na kuku hawakufika kutudokolea. Bibi alikataza kabisa kutwangia huko.

"Kinu hakipandi juu. Twangieni uani," alikuwa akisema.

Lakini akishakwenda shamba, mimi na binamu yangu Mwanasha tulikipandisha, tukatwanga kwa zamu huku tukiimba.

Siku moja niliona ufa, mwembamba, umetoka chini ya kinu hadi ukingoni. Mwanasha alitaka tuseme. Mimi nikaufunika kwa jamvi. Niliogopa fimbo, basi.

Masika yakaingia. Siku ya tatu ya mvua, adhuhuri, niliona doa la maji darini, juu kabisa ya msala wa Bibi wa kusalia. Alikuwa ameketi na tasbihi yake. Boriti ikalia, kama mlango usiotiwa mafuta.

"Bibi, toka nje."

"Hebu niwate nimalize uradi wangu. Nyumba hii imeona mvua nyingi."

Boriti ikalia tena. Chokaa ikamdondokea begani, akaipangusa. Nikajua hatoki mpaka niseme.

"Twalikuwa twatwanga juu, Bibi. Tangu mwaka jana. Pana ufa, na niliyeufunika ni mimi."

Alinitazama. Akainuka, akaukunja msala, akanishika mkono hadi ukaniuma, tukatoka mvuani. Hatujafika kisimani, sakafu ikaporomoka ndani ya chumba.

Majirani walikuja kutupa pole. Wakauliza ni nini kimeiangusha nyumba iliyosimama miaka yote ile.

"Ni mvua," Bibi aliwajibu.

Nilikuwa nimesimama ubavuni pake. Alimalizia umri wake katika chumba cha udongo kwa ami yangu, na hakulitaja jambo lile tena.

Siku hizi vijana hupigilia misumari kwenye kuta za kale ili waning'inize madishi, na maji ya kufulia humwagwa papo hapo msingini. Mimi hufungua mdomo niwakemee, kisha nikaufunga. Wakiniuliza nyumba yetu ya mawe ilikwendaje, mimi bikizee wa miaka tisini, nisiye na wa kunichapa tena, bado huwaambia ni mvua.