Mkata miwa anayeonyeshwa Dabarani na mkewe

Saa kumi na moja alfajiri, Ismail Were amesimama nyuma ya jiko lake huko Matungu, panga kwapani, uso ameuelekeza mashariki.

"Iko?" anauliza.

"Iko, Baba Shamsia," mkewe Hadijah anajibu kutoka mlangoni. "Juu ya mikaratusi."

"Na rangi?"

"Ile ile. Kama kaa linalotaka kuzimika."

Were anatikisa kichwa kama mtu aliyeiona. Hajaiona. Ana miaka 61, na tangu Juni anaiona nyota hiyo kwa mdomo wa mkewe.

Babu yake, aliyesomea chuo cha Kurani Mumias, aliiita Dabarani, yaani mfuasi, kwa sababu huchomoza nyuma ya kundi la nyota la Kilimia. Were amekata miwa miaka 34. Miezi ambayo Dabarani huonekana alfajiri, nyota hiyo ndiyo iliyomtoa nyumbani kwenda shambani, na ndiyo iliyomwambia lini apande maharagwe ya Agosti.

Macho yalianza kumsaliti mwaka jana. Alibaki kuona katikati tu, kama anayechungulia kwenye bomba. Hakumwambia mtu. Alijipima kwa nyota hiyo: akiiona, anajihesabu mzima.

Kilichomuumbua ni kosa la siku moja. Mapema Juni alirudi kutoka msikitini akamwambia mkewe, "Leo Dabarani inawaka sana."

Hadijah alikuwa anakoroga uji. Akauacha mwiko.

"Wakati huo wa Juni haionekanangi," anasema. "Inachomoza pamoja na jua, inamezwa. Yeye mwenyewe ndiye alinifundisha nilipoolewa. Nikatoka nje anionyeshe. Akanionyesha taa nyekundu ya mlingoti wa simu."

"Ukanicheka," Were anamwambia.

"Nilicheka kidogo. Halafu nikarudi jikoni nikalia."

Hospitalini waliambiwa ni presha ya macho. Daktari hakuzunguka. Kilichopotea hakirudi, alisema. Dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linaona uso wa mtu akikaa karibu, mchana, asiposogea.

Kitinda mimba wao, Shamsia, yuko kidato cha nne. Mwalimu wake wa fizikia aliwaeleza darasani, naye akamsimulia babake, kwamba Dabarani ni jitu lililozeeka. Imeishiwa kuni za moyoni, ikavimba, ikageuka rangi ya machungwa, na mwanga wake unaofika leo ulianza safari miaka 65 iliyopita.

"Kwa hivyo mwanga huo uliondoka huko kabla sijazaliwa," Were anasema. "Umetembea miaka yote hiyo, umefika, mwenyeji hana macho."

Shambani hawajui. Zamani alikata tani tatu kwa siku. Sasa hata moja ni taabu, kwa kuwa kila shina analipapasa kwanza. Nyapara wao, Kipkoech, anadhani ni uzee.

Juzi panga lake lilipita kando ya goti la Musa, mkataji wa mstari wa pili, likachana suruali.

"Mzee Were, unataka nipakiwe na miwa nipelekwe kiwandani?" Musa alimwuliza. Watu wakacheka. Were pia akacheka.

"Jioni hiyo alikaa mbele ya ugali mpaka ukapoa," Hadijah anasema.

Alikuwa amepanga kujificha hadi Novemba, Shamsia amalize mtihani. Mpango huo umekufa. Mwingine hana. Ukimwuliza tumaini lake, anauliza ni tumaini la nini.

Kukikucha kidogo anavaa buti, akilisaka la pili kwa mkono.

"Leo nitamwambia nyapara kabla sijagusa muwa hata mmoja," anasema. "Atanitoa. Ningekuwa yeye, mimi pia ningemtoa mtu kama mimi. Sijui kesho tutakula nini. Lakini heri aisikie kwangu kuliko aisikie kwa mguu wa Musa."